Homa ya Iman

Wodi ya Watoto,
Kibiti.
22 Aprili 2024

Mpendwa kaka Haidari,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Geita? Kifua kimetulia? Sisi tu wazima, na mwanao Iman anaendelea kupona, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika.

Kwenye simu nilikueleza kwa ufupi. Alhamisi asubuhi wifi Kudra alimkuta Iman wa moto, naye ana siku ishirini tu. Tulipompunguzia nguo joto likashuka, akanyonya, akalala. Mama akasema, "Si ameshapoa? Ngojeni kesho." Kudra akanitazama mimi. Nilitoka, kaka, kutafuta boti ya kutuvusha Nyamisati, tuje hapa hospitali.

Njia nzima mtoto hakuonyesha ugonjwa, nikajua tutachekwa. Hapa hakuna aliyecheka. Daktari, Bi Zaitun, alipima joto, halipo. Akasema, "Mama akiniambia mtoto alikuwa wa moto, namwamini. Huyu hajafikisha mwezi, siwezi kumwamini uso. Anaweza kunyonya vizuri na vijidudu viko kwenye damu."

Wakachukua damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo. Kudra alishindwa kutazama, mtoto nikamshika mimi. Sindano zilianza palepale, kabla ya majibu. Majibu yalipotoka, vijidudu vimo kwenye mkojo na kwenye damu. Kwenye uti havijafika.

Sasa jambo lenyewe. Marehemu Tahiri, kaka yake Iman, naye alishikwa na homa, akapoa hivihivi. Wewe ulikuwa safarini. Kudra alishafunga mzigo, boti inasubiri. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mguse, wifi, ameshapoa. Utamsumbua mtoto bure." Boti ikaondoka. Kesho yake adhuhuri tukamzika, nawe tukakuambia ilikuwa ghafla.

Miaka mitatu Kudra hajanitaja kwako. Lile paji la Tahiri bado nalisikia kiganjani, limepoa, na furaha niliyoipata. Hiyo furaha ndiyo inayonitesa.

Jana nilimuuliza kwa nini hakukuambia kuwa ni mimi niliyemzuia. Akasema, "Hata mimi nilimgusa, wifi. Hata mimi nilifurahi." Kisha akanipa Iman, akaenda kuoga.

Kasirika nami ukitaka, ila Kudra usimguse.

Mama na mjomba Sadala wanakusalimu. Nisalimie Abdalah. Mola akutunze, akurudishe umwone mwanao.

Mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Mwanajuma