Vilori vya Maonyesho ya Barabara

Gaudence, Salvatory hakuwa na mkalimani, hakuwa na kamusi, wala hakuwa na subira. Alikuwa na picha tu ya lori la kwanza la mkoloni kufika mjini kwetu.

Akampa laoban, bosi wa kiwanda hapa Guangzhou, picha hiyo: "Vilori mia tatu vya maonyesho. Viwe vilevile!"

Leo kafungua katoni. Lori limezama matopeni, Mzungu kakaa ndani, na babu wa mwenyekiti wa kamati ya maonyesho anasukuma!

"Laoban, matope ya nini?"

"Umesema vilevile!"

Vilevile, Gaudence!

Mke wa Salvatory akauliza, "Baba Adrian, hukuwaona hao watu pichani?"

"Nilitazama lori tu!"

Na kamati imeshamtangaza mgeni rasmi, muda wa kutengeneza vingine haupo. Salvatory akaiandikia kamati barua: "Waheshimiwa, ndivyo lilivyofika." Akaifunga bahasha kwa gundi, akaituma pamoja na mzigo.