Mgongo Wako Ukumbini

Dada yangu,

“Wajumbe wake walimkimbia wenyewe, maana aliwatukana.” Hayo ndiyo anayoyatangaza Mwanasheria juu yako tangu akushinde na kutwaa uenyekiti wa chama. Ni uongo, na nitauvunja hapa hapa. Lakini nimetanguliza ugomvi kabla ya salamu, kama kawaida yangu. Hujambo? Goti limepoa baada ya kusimama kule ukumbini? Watoto wazima? Mimi mwili hauna neno. Uso ndio sina pa kuuweka.

Shemeji ananiambia umekunja bendera ya tawi na unataka kurudisha kadi. Eti hotuba yako ndiyo iliyokuponza: baada ya chama kushindwa uchaguzi mkuu, watu walitaka kubembelezwa, si kuambiwa ukweli. Dada, hotuba ile niliiandika mimi, nawe uliisoma vizuri kuliko ilivyostahili. Walipiga makofi mpaka yale mabango yetu ya kampeni, yaliyogeuzwa vitambaa vya meza, yakadondoka.

Unaijua desturi yetu. Wagombea hutazama ukuta, wajumbe hujipanga nyuma yao, na mgombea hageuki mpaka hesabu iishe. Kwa hiyo hukuona. Mimi nilikuwa wa kwanza mgongoni kwako, karibu kiasi cha kuona uzi uliolegea kwenye kola yako. Nikatupa jicho upande wa pili: mstari wa Mwanasheria ulikuwa umefika mlangoni. Mshika kipaza sauti wetu alikuwa huko, akanicheka: “Bwana Kalamu, kushindwa kumekunogea?”

Hakuna aliyenihonga; ningehongwa, ningekuwa na kisingizio. Niliona haya kushindwa tena mbele za watu, nikavuka kwenda mstari wake Mwanasheria. Mimi niliyewaita wahamaji vinyonga gazetini! Wajumbe wa tawi letu wakanong'onezana kwamba ikiwa hata mdogo wake kahama, basi lipo jambo analolijua. Wakanifuata.

Hesabu ilipokwisha nikawahi kurudi kando yako. Ukanishika mkono, ukasema, “Angalau wewe hukuniacha.”

Sasa nakutaka usirudishe kadi. Waite wajumbe wa tawi, uwasomee barua hii yote, usiruke neno kwa kunihurumia. Nanyi wajumbe mnaosikiliza: mlimfuata mwoga mkidhani ana siri. Nyanyukeni mkasimame nyuma ya dada yangu. Mimi nitakuwa hapo, nimeelekea ukutani, na sitageuka mpaka yeye aniambie.

Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Kalamu