Mkono Kinywani mwa Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua saa kumi na mbili. Mrembo ametoa lita mbili. Kwa kawaida hutoa sita. Majani ya jana bado yapo kihorini, na vipande vya mgomba havikuguswa. Nitamwangalia tena jioni.

Nimeandika upya hoja ya Baraza la Madiwani. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Vifungu ni vitatu. Kila mbwa katika halmashauri yetu achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa. Mbwa asifungwe kutwa nzima bila maji wala kivuli. Sumu isitupwe njiani kwa ajili ya kuua mbwa. Nimefuta maneno yote ya kuomba huruma. Madiwani wenzangu hawana huruma na mbwa, ila wana watoto. Nimeanza na watoto.

Mvua bado. Vumbi la barabara ya Old Moshi limefika mpaka kwenye vitabu.

Jumanne, 4 Machi

Mrembo anatokwa na ute mwingi. Anakunja shingo na kuinyoosha kama aliyekabwa. Juzi alikula maparachichi yaliyoanguka. Nikasema ni kokwa.

Nimemwita shemeji Elisante, mdogo wa marehemu mume wangu. Nyumba yake iko chini ya yangu, katika kihamba kilekile, shamba la ukoo. Tunatenganishwa na mfereji na safu mbili za migomba. Tangu mwaka jana hatusemezani ila kwa lazima. Amekuja hata hivyo. Ng'ombe akikabwa mtu haulizi ugomvi.

Mimi nimeshika ulimi. Yeye ameingiza mkono mpaka kiwiko. Ametafuta kwa muda mrefu. Hakuna kokwa. Mrembo ametubana kwa magego, nami nimechubuka kidole cha shahada. Elisante alikuwa na jeraha bichi la panga kiganjani. Amejifuta kwa jani la mgomba, akaondoka.

"Ng'ombe wako hana kitu, Mwalimu. Labda amechoka kusikiliza hotuba."



Jumatano, 5 Machi

Nina hofu. Nitaiandika kwa utaratibu, maana kichwani haina utaratibu.

Alfajiri Mrembo alilia kwa sauti nisiyoijua, nzito na iliyokauka. Alikuwa anapiga ukuta wa banda kwa kichwa. Nimempigia simu afisa mifugo wa kata, binti anayeitwa Neema. Amefika saa tatu. Amesimama mlangoni mwa banda, hakuingia. Amenisalimu shikamoo huku akimtazama ng'ombe, si mimi. Kisha swali moja tu: kuna mtu aliyemtia mkono kinywani?

Nikanyanyua mkono wangu, kama mwanafunzi.

Amenipeleka bombani na kunisimamia nioshe kidole kwa sabuni kwa robo saa. Ameuliza kama kuna mbwa aliyeingia bandani. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwezi wa kwanza, asubuhi moja, mbwa nisiyemjua alitoka mbio bandani, na Mrembo alikuwa na damu puani. Nilimpaka spiriti. Nilikuwa nawahi kikao. Kikao chenyewe kilikuwa cha kichaa cha mbwa. Sikumwambia mtu.

Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Nimeteremka mjini hospitalini. Nimechomwa sindano ya kwanza, na dawa nyingine pembeni ya kidole. Nitarudi Jumamosi, kisha Jumatano mbili, kisha mara moja ya mwisho. Muuguzi amesema nimewahi.

Kabla ya kuteremka nilipita kwa Elisante. Amekataa.

"Mimi mbwa hajaniuma. Nichanjwe ya nini? Mimi si mbwa wa sheria yako."

Alhamisi, 6 Machi

Mrembo amekufa saa nne asubuhi. Neema ameagiza shimo refu na chokaa. Habari imetutangulia. Kabla shimo halijafika kiunoni majirani wanane walikuwa wamefika na visu na mabeseni. Sikuwashangaa. Huku ng'ombe akizidiwa huchinjwa, na kila mtu anajua sehemu yake: kidari cha nani, mguu wa nani. Ng'ombe mzima hazikwi kama mtu.

Elisante alikuwa wa kwanza kusema.

"Unafukia nyama, na watu wana meno!"

Watu wamecheka. Mimi nimesimama ukingoni mwa shimo mpaka udongo ukajaa.  

Ijumaa, 7 Machi

Sijaandika jambo ninaloliogopa. Naliandika sasa.

Nilipokuwa mwalimu kijana huko Mwika, mwalimu mwenzangu aliumwa na mbwa mguuni. Kidonda kilipona. Hakwenda hospitali. Baada ya miezi miwili alianza kulalamika kwamba pale kovuni panawasha. Siku ya tatu nilimpelekea maji kwenye kikombe cha bati. Alipokiona koo lake lilifunga, mwili wote ukaruka, akaniangalia kama mtu anayetaka kuomba radhi. Alikuwa na akili zake timamu. Hilo ndilo baya. Aliendelea kuwa na akili zake karibu mpaka mwisho. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Wakati ule haikuwapo, na leo haipo.

Elisante ana jeraha la panga kiganjani na mkono wake uliingia mpaka kiwiko.

Leo nimekwenda tena. Mlango ulikuwa umefungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sindano ya pili.

Njiani, karibu na gulio, nimeona mbwa watano wamekufa mtaroni. Povu mdomoni, miguu imekakamaa. Mmoja alikuwa na kamba shingoni. Alikuwa na mwenyewe. Kuku wawili pembeni yao. Mtu ametupa nyama yenye sumu usiku wa jana, kwa sababu ya ng'ombe wangu. Watoto hupita hapo wakienda shule. Neema na mimi tumeokota vipande tulivyoviona, kwa mifuko ya plastiki mikononi. Hatujui tulivyoviacha.

Mchana diwani mwenzangu wa kata ya jirani amenipigia simu. Mtu wa heshima, lakini hupenda kuchokoza.

"Pole, mama. Ila ng'ombe wako ameshinda hoja yako. Iondoe tu. Wananchi wanataka bunduki, hawataki sindano."

Nimemwambia mbwa waliokufa leo huenda ndio waliokuwa wamechanjwa, maana mbwa aliyezoea watu ndiye anayekula anachotupiwa. Mwenye kichaa hali nyama.  Kisha akasema nitashindwa.

Naogopa kushindwa. Naogopa zaidi kile kiganja.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya kosa.

Nilimwomba mchungaji atangaze kwamba yeyote aliyegusa mate ya ng'ombe yule aende hospitali. Ametangaza vizuri, bila kutaja jina. Baada ya ibada, pale uwanjani kwenye mnada wa mavuno, nilimfuata Elisante. Nilimwambia mbele za watu kwamba ukaidi wake ni ujinga, na kwamba ujinga huua. Nilisema kwa sauti ile ya darasani.

Ameinua mkungu wa ndizi aliokuja nao, ameurudisha begani, ameondoka nao nyumbani. Sadaka ya Mungu, amerudi nayo. Nimeona aibu ya namna ambayo sijaiona tangu utoto.

Siku tano tangu aingize mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wake, Mama Haika, amekuja kwa njia ya mferejini asionekane. Ameketi jikoni. Amesema Elisante halali. Hukaa kitandani akikitazama kiganja. Anaogopa kuliko mimi. Lakini anasema heri afe kuliko kuongozwa na mimi mpaka hospitalini kama mbuzi, kijiji kikiangalia.

Nikamwuliza nimemkosea nini kikubwa hivyo. Amenishangaa.

"Shemeji, umesahau? Ulimsimamisha kwenye mkutano wa kijiji kwa ajili ya mbwa."

Sikusahau. Nilidhani yeye amesahau. Mwaka jana alikuwa anamfunga mbwa wake juani, kwa mnyororo mfupi, sufuria ya maji imepinduka. Nilimwambia mara mbili. Ya tatu nikampeleka mkutanoni. Nikamsimamisha mwanamume wa miaka sitini na miwili mbele ya wakwe zake na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine. Nilikuwa na haki. Mbwa alikuwa na vidonda shingoni.

Nilikuwa na haki, na yeye atakufa.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimekata isale, jani la kuombea radhi, mpakani mwa kihamba. Jani moja refu, bichi. Nimelifunga fundo kama nilivyomwona mama mkwe akilifunga. Katika maisha yangu nimewaona watu wengi wakipeleka isale. Mimi sijawahi. Nimekuwa nikisema kwamba mtu mwenye makosa aseme kwa maneno kamili.

Anayeletewa isale hawezi kukataa. Hilo halikuandikwa katika sheria ndogo yoyote, na sijawahi kuona likivunjwa.

Nimevuka mfereji saa mbili. Alikuwa anapogolea kahawa, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Mbwa yule alikuwa chini ya mti, hakufungwa. Nimelishika jani kwa mikono miwili na kumwambia nilimwaibisha mkutanoni na nilimwaibisha kanisani, na ninaomba anisamehe. Magoti yamekataa kukunjika kwa uzee, nimeinama tu.

Amelitazama jani, akanitazama mimi. Nilidhani atalitupa. Kisha ameweka mkasi chini.

"Umeniweza, shemeji. Na hili ungelileta Jumatano tungekuwa tumeshapona."

Amelipokea. Ameuliza kama sindano inauma.

Jumatano, 12 Machi

Tumeteremka pamoja. Mimi ya tatu, yeye ya kwanza, na dawa nyingine kuzunguka jeraha. Muuguzi amehesabu siku kwenye vidole: nane. Ametazama kiganja, ametazama karatasi. Hakusema kwamba tumewahi. Amesema tumefanya vizuri kuja.

Nimeielewa tofauti. Elisante pia.

Alhamisi, 13 Machi

Baraza. Nilikuwa nimeandika kurasa sita. Nilisoma moja. Kisha nikaeleza nilivyoshika ulimi wa ng'ombe, na mbwa wa mwezi wa kwanza ambaye sikumripoti. Mtu amecheka nyuma. Nikaomba anyanyue mkono yeyote ambaye hajawahi kumtoa ng'ombe wake kitu kooni. Hakuna mkono ulionyanyuka ukumbini. Hata mwenyekiti.

Chanjo imepita. Sumu imekatazwa. Kifungu cha minyororo kimerudishwa kwenye kamati; wamesema tusubiri. Diwani wa kata ya jirani amepiga kura upande wangu, amekwepa macho yangu.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nawaza kiganja.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Elisante anaumwa kichwa. Anasema jeraha linawasha.

Linawasha. 

Tumeteremka hivyohivyo, maana ni siku ya sindano kwetu sote wawili. Daktari amekibonyeza kiganja, amemulika kooni, amempa maji. Sikuweza kuangalia. Nimegeukia ukutani. Nimesikia akimeza. Ameomba mengine. Daktari amesema jeraha linalopona huwasha, na kichwa ni cha homa ya mvua. Ameongeza kwamba hatatoa ahadi. Tuendelee na sindano na tungoje.

Nimelia chooni. Nimenawa uso. Nimerudi.

Jumatano, 2 Aprili

Sindano yangu ya mwisho. Imebaki moja yake. Haumwi kichwa. Simwulizi kuhusu mkono, ninautazama anapokula.

Jumatano, 9 Aprili

Yake ya mwisho leo. Muuguzi amempa Elisante cheti, naye amekikunja mara nne na kukitia kofiani. Daktari amesema kila wiki inayopita ni nzuri kuliko iliyotangulia.

Tumepanda kwa miguu kutoka njia panda, kwa sababu ya matope. Elisante amesimulia njia nzima. Ni harusi ya mpwa wake huko Kibosho, Jumamosi iliyopita: mbuzi mzima wa ndafu hakuiva paja, mshereheshaji alisahau jina la bwana harusi, shangazi mmoja alikalia keki. Amerudia habari ya keki mara tatu, na kila mara shangazi alikuwa mnene zaidi. Kwa kawaida ningemkatiza mara ya pili.

Nimemwacha aseme. Mpaka mfereji, na akiwa ng'ambo ya mfereji bado alikuwa anasema.