Bwana Hakiki, Ile Saini Tumeikagua

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu Alhamisi ile ulipojilaza baada ya chakula cha mchana usiamke tena. Watu wanatuambia muda huponya. Wewe ungewauliza nani kapima, na kwa kipimo gani.

Hukuwa mtu wa kuamini kirahisi. Mtungi wa gesi uliupaka povu la sabuni mara tatu ndipo niruhusiwe kuwasha jiko. Kitinda mimba wako alipoleta tisini na nane ya hesabu, ulimpongeza, kisha ukamkalisha mezani aurudie mtihani wote. Akapata tisini na tisa. Ukamshuku zaidi. Kazini walikuita Bwana Hakiki, na sisi nyumbani tukalipokea jina kwa mikono miwili.

Kazi yako uliieleza mara nyingi hata mimi fundi cherehani nikaishika. Maji yakibanwa na kupashwa moto kupita kiwango fulani, si maji tena wala si mvuke. "Ni kama kijana wa miaka kumi na minne," ulikuwa ukisema. "Ukimgeuzia mgongo kidogo tu, kabadilika." Kwenye kompyuta ulilikata bomba katika visanduku vidogo vidogo, ukaviita wavu, programu ikakokotoa jinsi joto linavyotoka ukutani kuingia kwenye maji hayo. Wavu wa matundu makubwa ulitoa picha laini, za kuwafurahisha wakubwa. Wewe ulizishuku. Uliubana wavu karibu na ukuta, ukarudia hesabu, ukaubana tena. Hukuweka saini mpaka majibu yakubaliane, na chini ya saini uliandika kwa mkono umejaribu nyavu ngapi. Hazikupungua tatu hata siku moja.

Ndiyo maana siku ya msiba nilishtuka. Meneja wako alisimama mbele za watu akakusifu kwamba ulikamilisha ripoti ya bomba jipya Jumanne, siku mbili kabla ya kututoka. Akatuachia nakala iwe ukumbusho. Saini yako ilikuwepo. Chini yake hapakuwa na neno.

Nilinyamaza, na leo nakwambia sababu. Jumanne ile ulinipigia simu. "Mama Watoto, wavu wa tatu umekataa. Kuna mahali ukuta unapata moto vibaya, na hawa wanataka saini leo leo."

Sauti yako ilikuwa imechoka. Nikakujibu, "Si uwape hiyo saini, urudi ulale! Bomba lenyewe la baba yako?"

"Haya," ukasema, "nimesikia."

Hilo "nimesikia" nililichukua kuwa umekubali kusaini.

Miezi sita baadaye bomba lilipasuka kwenye majaribio, likamuunguza mkono fundi wa kuchomelea. Ofisi ikasema marehemu ndiye aliyesaini. Marehemu hajibu, kumtwisha zigo ni rahisi. Yule fundi alikuja hapa nyumbani, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, sina kinyongo," alisema. "Mzee aliniambia nisisogelee bomba ambalo hajalihakiki yeye. Nilisogea kwa kuwa niliiona saini yake. Nataka kujua tu, alisaini kweli?"

Nilimpa chai. Nilimshuku meneja, ndiyo, lakini nilikushuku na wewe, mume wangu, na zaidi ya wote nilijishuku mimi na mdomo wangu.

Binti yako mkubwa ndiye aliyerithi macho yako. Alitoa kabatini nakala za ripoti zako zote za zamani, akawa anaibandika kila saini juu ya ile mpya, kwenye kioo cha dirisha, jua likipenya. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Baba alisema majibu mawili yakifanana mpaka nukta, moja limenakiliwa."

Ripoti ya kumi na moja ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Saini ililala juu ya saini, haikuzidi hata unywele. Kalamu yako ilipokwama kwenye mkia wa herufi ya mwisho, na kwenye ile mpya ilikwama palepale. Ile ya zamani ilikuwa na maneno "nyavu nne" chini yake. Aliyeinakili aliyaacha, hakujua ni ya nini. Njia ya mwongo ni fupi.

Karatasi zote mbili ziko kwa wakaguzi. Meneja amechukua likizo ya ghafla, na likizo yenyewe tunaishuku. Fundi tumempa jibu lake.

Mimi nilikaa sakafuni nikalia, kilio cha raha. Miaka ishirini na sita nililalamika kwamba hunisikilizi. Asante, Baba Watoto, kwamba Jumanne ile pia hukunisikiliza.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako mkubwa, kitinda mimba wako, ambaye sasa anarudia hesabu bila kuambiwa, dada yako, na fundi wa kuchomelea, aliyeomba mwenyewe awekwe hapa.

Kukusahau hatuwezi, leo wala kesho. Tumehakiki. Nyavu tatu.