Mifuko Isiyoshuka

Tainan, mwisho wa Julai 2021

Dada yangu Hsiu-luan,

Nakusalimu wewe na shemeji. Natumaini goti lako limetulia, na mvua za huko Taitung hazijaozesha matopetope yenu. Sisi huku tu wazima. Safari hii neno hilo naliandika kwa haki, na utaona kwa nini.

Unajua karakana ya mikate anakofanya kazi Yen-ting ilifungwa mwezi wa Mei, maradhi yalipopamba moto. Ulipiga simu ukataka kuja, nikakukatalia, nikasema mwanangu namjua mwenyewe. Kweli namjua. Ingawa ni mtu mzima, siku yake inasimama juu ya nguzo mbili: asubuhi kukanda unga, jioni kutupa taka, lori la taka linapoingia kichochoroni likipiga wimbo wake. Nguzo moja ilipong'oka, aliikumbatia ya pili kwa nguvu zote.

Tatizo likawa barakoa. Nyuzi zake masikioni hawezi kuzivumilia, huivua kabla hatujafika mlangoni. Majirani wamesimama mbalimbali na mifuko yao, nasi hao tunashuka, yeye uso wazi, anaimba. Bibi Liao wa ghorofa ya chini, yule mwenye ulimi wa upupu, akaniambia mbele za watu, "Mvalishe mwanao barakoa au mfungie ndani. Wengine tuna wagonjwa." Nilimchukia, Dada. Lakini mumewe husafishwa damu hospitalini, siwezi kusema alikosea.

Basi nikawa nashuka peke yangu, na Yen-ting akawa anagonga kichwa dirishani mpaka nirudi. Nikafunga madirisha, nikawasha redio kwa sauti. Wimbo akausikia vilevile. Siku moja aliniuma mkono, nami nikampiga kofi, tukaishia kulia wote wawili sakafuni. Mwishowe niliacha kushuka kabisa. Mifuko ilijaa jikoni, na mimi nikakaa katikati yake, hata kusimama naona kazi. Ulipopiga simu nilinawa uso kwanza, ndipo nikapokea.

Jioni moja, kabla lori halijafika, mlango ukabishwa. Alikuwa Bibi Liao, barakoa mbili usoni. "Wee Pi-yun, wiki nzima mifuko yako haijashuka. Umekufa au unaringa?" Nilitaka kumjibu kwa ukali, machozi yakanitangulia. Alichukua mifuko miwili, akasema mingine nibebe mimi na kijana. Kule chini aliwasemesha majirani, kisha akamsimamisha dereva: wote wakishatupa, lori lisubiri kidogo kwenye kona ya hekalu, sisi tutupe wa mwisho, peke yetu. Dereva akasema hana haraka ya kwenda kunusa kwingine.

Tangu hapo Yen-ting analala vizuri. Jumatano lori halipiti, siku hiyo hununa tu kidogo. Nami naenda kliniki kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ananipa dawa, ila zaidi ananisikiliza.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Bibi Liao halijui. Ule wali wa kunata uliotufungia kwenye majani ukatutumia kwa sikukuu ya mashua, nilikwambia ulikuwa mtamu. Hatukuuonja, ulivundia ndani ya ile mifuko. Na jioni ile alipobisha, nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba usiku usitukute duniani, mimi na mwanangu, tusimwachie mtu mzigo. Nilikuwa nimemwogesha na kumvisha shati lake la mwaka mpya. Ndilo alilovaa akitupa taka. Bibi Liao alimtazama akasema, "Leo umependeza, mwanangu, unakwenda wapi?"

Daktari anajua yote. Wazo lile likinijia tena, namwambia. Lakini daktari harudi nami nyumbani, na Bibi Liao ana mgonjwa wake. Mara zote ulipotaka kuja nilikataa, kwa kiburi nilichokiita upendo. Leo nakuomba mwenyewe: njoo, Dada. Kaa nasi hata mwezi. Umzoee, naye akuzoee.

Msalimu shemeji, mwambie naomba radhi kwa kukuita umwachie matopetope peke yake. Ukifika jioni usipande ngazi, njoo moja kwa moja kwenye kona ya hekalu. Watu wakishaondoka, tutakuwa tumebaki sisi wawili na mifuko yetu. Upokee mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Pi-yun