Pipa la Chokaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na hao watoto ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu. Sisi huku hatujambo, ukimwacha baba. Moyo wake umechoka. Daktari alinivuta hadi dirishani akaniambia kwamba kama kuna wa kuitwa, aitwe sasa.

Mimi bado nafundisha kemia, na bado naongea kupita kiasi. Wanafunzi wamenibandika jina lile lile la Kasuku. Sijui ni nani aliyewanong'oneza.

Juma lililopita tulifika kwenye sura ya mambo yanayokwenda yenyewe. Niliwaeleza kwamba kuna vitu ukishavikutanisha havingoji kusukumwa, ila joto peke yake haliamui. Unatazama pia entropia, yaani vitu na nishati vimetawanyika kiasi gani. Ukivipima vyote viwili pamoja unapata nishati huru, na ikiwa inashuka, jambo litakwenda, uwepo usiwepo. Nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Mfano wenyewe ulikuwa chokaa. Niliweka bonge la chokaa kavu ya tanuruni kwenye sahani ya bati, nikalitia maji kijiko kimoja. Likatulia kwanza, unajua linavyofanya, halafu likapasuka na mvuke ukafuka. Darasa likashangilia. Mimi nilivuta kiti, nikakaa.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kama linaweza kurudi lilivyokuwa. Nikamjibu kwamba linaweza, ukilirudisha kwenye moto wa tanuru, maana katika joto lile maji hutoka yakatawanyika kuwa mvuke na entropia ikashinda. Lakini hapa darasani atangoja mpaka aote mvi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, ikiwa jambo linakwenda lenyewe, basi hakuna aliyelifanya? Wenzake wakamcheka. Niliwapa mazoezi nikageukia ubao.

Kaka, asubuhi ile unaikumbuka kuliko mimi. Baba alikuwa na nyumba ya kupaka, na kazi ya kuzima chokaa kwa maji ilikuwa yako: maji kwanza, chokaa baadaye, kidogo kidogo, mfuniko ukiwa mbali. Chokaa kavu ilikuwa bado kwenye pipa lake, na wewe ulikwenda bombani kuchota maji ya pipa la pili. Baba akaja, akafunua mfuniko, uji wa moto ukamrukia machoni. Kila mtu alisema ni uzembe wako. Uliapa, halafu ukaacha kuapa. Baba hakukupiga. Alisema tu kwamba kwa kuwa sura yako hataiona tena, hataki hata kuisikia sauti yako nyumbani mwake. Ukaondoka na mfuko mmoja, una miaka kumi na saba.

Katika barua yako ya pekee uliniandikia kwamba labda walisema kweli. Labda uliosha pipa lile jana yake na hukulifuta vizuri. Ulisema unalifikiria kila siku.

Ulilifuta. Lilikuwa kavu. Maji niliyatia mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka baba akija akute kazi imeanza anisifu. Nilimimina kopo moja juu ya chokaa, nikaona haifanyi kitu, nikaifunika ili iumuke kama unga uliotiwa hamira. Kisha nikaenda kuruka kamba. Nimenyamaza miaka kumi na tisa, mimi Kasuku mzima. Mwanzoni ilikuwa woga, baadaye aibu, na baadaye nikazoea, na hilo la mwisho ndilo nisilojisamehe.

Jumanne nilimwambia baba. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote, kopo, mfuniko, kamba. Alikitafuta kichwa changu kwa mkono, akakipapasa. Akasema nina moyo mzuri, ila nisimbebee kaka yangu mzigo wake. Jana nikarudia. Leo asubuhi nimerudia nikilia, akanikemea kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa mapenzi. Kisha, bila kuulizwa, akasema yuko tayari kukusamehe, mradi uje umwombe radhi kwa kinywa chako.

Hapo nimekwama. Sina uso wa kukuomba uje uombe radhi kwa kosa langu. Kukuambia usije pia siwezi. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba amesikia kalamu, ameuliza namwandikia nani, nami nimemwambia. Amesema nikuandikie kwamba amekwisha kukusamehe nusu, na nusu iliyobaki utaichukua ukifika.

Mimi mdogo wako, niliyetia maji,
Kasuku