Nimepimwa Moyo kwa Jina la Pacha Wangu

Mpendwa Senge Nabwile, shangazi yetu wa gazetini,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi na Mukhwana ni mapacha wa kufanana, yeye ndiye mkubwa na anacheza kandanda, mimi natengeneza pikipiki hapa Bungoma, na mwezi uliopita alizimia akikimbia mazoezini, akadanganya wenzake ati ni njaa, kisha timu moja ya Kitale ikamtaka lakini ikasema kila mchezaji mpya apimwe moyo kwanza, ndipo akanijia gereji akaniambia, "Si wewe ndiyo mimi tu, bana? Enda ulale kwa hiyo kitanda wakubandike hizo waya, basi."

Nikaenda. Senge, sisi Wabukusu pacha mmoja akipewa shati, na mwenzake lazima apewe, tumelelewa hivyo, kwa hivyo niliona namgawia tu kilicho changu. Niliitika jina lake, daktari akasema moyo ni mzima, na Jumamosi anacheza mechi ya kwanza, na mama ameshaalika ukoo mzima. Lakini baba yetu alianguka akipalilia mahindi kule Tongaren hata hajazeeka, akafa papo hapo, na watu wakasema amerogwa. Naogopa sana. Nikimgusia Mukhwana anasema, "Ukifungua mdomo, mimi sina ndugu." Nimuumbue, ama nimwachie Mungu?

Pacha mdogo, Bungoma

Pacha mdogo,

Barua yako nimeitanguliza kwa sababu Jumamosi haingoji. Pole, mwanangu. Najua unampenda, na ndiyo maana nakugombeza.

Daktari alipima moyo ambao haukuzimia. Habari njema uliyopewa ni yako peke yako; ndugu yako bado hana habari yoyote. Mtu aliyezimia akikimbia, na baba yake alikufa ghafla, hafai hata kukimbilia mpira uliotoka nje mpaka aonwe na daktari. Na hayo ya kurogwa ndiyo yaliyowafunga midomo, hakuna aliyeuliza moyo wa mzee ulikuwa na nini. Mungu mwachie mvua. Mdomo amekupa wewe.

Leo, si kesho, mwambie Mukhwana utakalofanya, usimzunguke. Kisha mpigie daktari wa timu umweleze yote: kuzimia, kifo cha baba, na ule ujanja wenu. Mama naye aambiwe kabla hajavaa kitambaa cha sherehe. Sitakudanganya. Huenda mpira ukaishia hapo, na huenda akakaa miaka bila kukuita ndugu. Itakuuma, lakini heri akununie akiwa hai.

Akisema umemsaliti, mkumbushe mlivyolelewa. Akipewa mmoja, na mwenzake apewe. Wewe umeshapimwa. Sasa alale yeye kwenye kile kitanda, nawe umngoje mlangoni, hata kama hataki kukuona.

Senge Nabwile